Kujifunza Kiingereza: Kitabu rahisi humfikisha mwanafunzi mbali kuliko kigumu

KILA ifikapo Januari, mtoto wa Kasingirima aliyemaliza elimu ya msingi katika shule ya serikali huingia kidato cha kwanza na kukuta jambo moja limegeuka ghafla. Sayansi aliyoisoma kwa Kiswahili tangu utotoni sasa imeandikwa kwa Kiingereza. Jiografia nayo ni hivyo hivyo, na hisabati pia. Somo lililokuwa moja kati ya mengi limekuwa ufunguo wa karibu masomo yote.

Mzazi anayetaka kumsaidia mwanawe huenda kwenye duka la vitabu na kuulizia kitabu cha Kiingereza. Mara nyingi huchagua kilicho kinene, chenye sarufi nyingi na maneno makubwa, akiamini kwamba ugumu wa kitabu ndio ubora wake. Wengine hununua vijitabu vya maswali na majibu ya mitihani iliyopita.

Nia ya mzazi huyo ni njema, lakini uchaguzi wake huenda ukamchelewesha mtoto. Uzoefu wa karibu miaka 100 wa kufundisha Kiingereza kwa watu wasiokizungumza nyumbani unaonyesha kwamba mwanafunzi husonga mbele anaposoma maandishi anayoyaelewa karibu yote. Kitabu kinachomzidi kimo humfundisha kukariri, si kusoma.

Suala hili linazidi kuwa zito kwa sababu ya mabadiliko yanayoendelea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imebakiza Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali na Kiingereza katika sekondari, huku ikipunguza miaka ya elimu ya msingi kutoka saba hadi sita. Kwa mpango huo, wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na makundi hayo mawili kuingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja mwaka 2028.

Maana yake ni kwamba watoto wengi zaidi, baadhi yao wakiwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko waliowatangulia, watauvuka mpaka huo wa lugha kwa pamoja. Watakachokuwa wamekisoma kabla ya siku hiyo kitakuwa na uzito mkubwa.

Lugha isiyosikika mtaani

Kasingirima ni moja ya kata za Manispaa ya Kigoma Ujiji, upande wa mji mkongwe wa Ujiji. Wakazi wa eneo hili wamezoea kuishi na lugha zaidi ya moja. Kiha husikika majumbani. Kiswahili kimekuwa lugha ya Ujiji tangu enzi za misafara, na kwa wengi, wakiwamo Wamanyema ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa, ndicho lugha ya kwanza. Nchini Burundi na Kongo, shuleni na ofisini hutumika Kifaransa.

Mfanyabiashara anayepanda boti kwenda Bujumbura, Uvira au Kalemie anaweza kuuza na kununua kwa Kiswahili kutoka bandari moja hadi nyingine. Kiingereza hakihitajiki sokoni, wala hakisikiki kwenye mwalo wa dagaa. Hukutwa kwenye karatasi ya mtihani, kwenye maelezo ya dawa, kwenye fomu ya benki na kwenye simu ya mkononi.

Wataalamu wa lugha hutofautisha hali mbili. Lugha ya pili ni ile ambayo mtu hujifunza huku akiisikia kila siku katika jamii inayomzunguka. Lugha ya kigeni ni ile anayoikuta darasani, kisha akitoka nje ya lango la shule haipo tena.

Kisheria na kisera, Kiingereza nchini Tanzania hupewa nafasi ya lugha ya pili, hata kikatumika kufundishia fizikia. Kwa hali halisi ya Kasingirima, na ya sehemu kubwa ya nchi, ni lugha ya kigeni. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua ni kitabu gani kinunuliwe.

Historia ya Ujiji yenyewe inatoa mfano. Henry Morton Stanley alipofika mjini hapo mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, aliandika kwamba alishangaa kusalimiwa kwa Kiingereza kabla hajamwona Mzungu yeyote. Aliyemsalimu alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone.

Susi alikuwa amefanya kazi na Livingstone kwa miaka mingi, akikisikia Kiingereza kila siku na kukitumia kwa shughuli za kweli. Mtoto wa leo hana bahati hiyo. Vipindi vichache kwa wiki, katika darasa lenye wanafunzi wengi, haviwezi kumpa alichokipata Susi safarini. Pengo hilo ndilo ambalo vitabu vinatakiwa kuliziba, na haviwezi kuliziba ikiwa havieleweki.

Walimu waliobuni vitabu vya wageni

Baadhi ya hatua kubwa za kuandika vitabu vya Kiingereza mahsusi kwa wageni hazikupigwa Uingereza, bali zilipigwa Asia.

Katika miaka ya 1920, mwalimu Mwingereza aitwaye Michael West alikuwa akifundisha Dhaka, katika Bengal, mji ambao leo ni mkuu wa Bangladesh. Aligundua kwamba wanafunzi wake walishindwa kusoma kwa sababu kila ukurasa uliwaletea maneno mapya mengi kupita kiasi, tena mengi yao wasingeyaona tena. Akaandika upya hadithi kwa kutumia maneno machache yanayojirudia, na kuongeza maneno mapya kidogo kidogo.

Kazi hiyo ilimfikisha kwenye orodha maarufu aliyoitoa mwaka 1953, yenye maneno takriban 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Maneno hayo 2,000 hubeba sehemu kubwa mno ya maandishi yoyote ya kawaida. Anayeyamudu ana msingi, na anayerukia maneno magumu kabla ya hayo anajenga paa kabla ya ukuta.

Mwingine ni A. S. Hornby, aliyefundisha Japani kuanzia mwaka 1924. Aliona kwamba kamusi za Waingereza ziliandikwa kwa ajili ya Waingereza: zilieleza neno gumu kwa maneno magumu zaidi. Yeye na wenzake wakatunga kamusi ya mwanafunzi, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa tena na Oxford University Press mwaka 1948. Hiyo ndiyo chimbuko la Oxford Advanced Learner's Dictionary.

Mwaka 1978 ilitoka kamusi ya Longman ya wanafunzi ambayo karibu maana zake zote zilielezwa kwa kutumia maneno kama 2,000 tu. Mwanafunzi aliyeyafahamu maneno hayo angeweza kusoma maana ya karibu neno lolote ndani ya kamusi hiyo bila kupotea.

Hesabu ya maneno 98 kati ya 100

Ni kiasi gani cha maneno kinatosha ili mtu aelewe anachosoma? Mwaka 2000, watafiti Hu na Paul Nation wa New Zealand walichapisha matokeo ya jaribio la swali hilo. Waliwapa wasomaji hadithi ambayo baadhi ya maneno yake yalikuwa yamebadilishwa yasieleweke.

Pale ambapo maneno yaliyoeleweka yalikuwa 80 katika kila 100, hakuna msomaji hata mmoja aliyeielewa hadithi ipasavyo. Kwa maneno 90, wachache waliielewa. Ili wengi waelewe bila msaada, ilihitajika takriban maneno 98 katika kila 100.

Hesabu hiyo ni muhimu kwa mzazi na mwalimu. Maneno 80 kati ya 100 yanaonekana kuwa mengi, na katika mtihani alama 80 ni ushindi. Katika kusoma, hata hivyo, ni sawa na kukutana na neno lisilojulikana katika kila matano. Msomaji wa namna hiyo hasomi, bali anafumbua mafumbo.

Hapa ndipo kipimo rahisi cha dukani kinapopatikana. Mtoto afungue ukurasa wowote wa katikati na kuhesabu maneno 100. Kisha ayahesabu yale asiyoyajua. Yakiwa mawili au matatu, kitabu hicho ni chake. Yakifika matano, atahitaji mtu wa kumsaidia. Yakizidi kumi, kirudishwe kwenye rafu, hata kama jalada lake limeandikwa kidato chake.

Yaliyobainika tangu mwaka 1984

Tatizo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Mwaka 1984, wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walipima uwezo wa Kiingereza wa wanafunzi nchini. Walikuta kwamba miongoni mwa wanafunzi wa kidato cha nne, ni kama asilimia 10 tu waliokuwa katika kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanze. Hata chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa wangeweza kusoma kwa urahisi vitabu vyepesi vya masomo yao.

Matokeo hayo yalizaa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 1987. Mradi huo haukutegemea vitabu vya sarufi. Nguzo yake kubwa ilikuwa usomaji mpana, yaani kuwapatia wanafunzi wa sekondari vitabu vingi vya hadithi vilivyorahisishwa na kupangwa kwa ngazi, ili waanze na vyepesi na kupanda taratibu.

Hadithi za mazingira ya Kitanzania nazo zilipata nafasi katika madarasa. Vitabu vya Richard Mabala, Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vilisomwa kwa miaka mingi na wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Mwanafunzi hakuhitaji kwanza kulifahamu theluji wala bustani ya malkia. Alikutana na dereva wa basi na mkulima, watu anaowajua, na akili yake ikabaki na kazi moja tu ya lugha.

Miaka mingi baadaye, kasoro ilikuwa bado ipo. Tathmini ya Uwezo ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba karibu nusu ya wanaomaliza shule ya msingi hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Hao ndio walioingia kidato cha kwanza na kukabidhiwa kitabu cha baiolojia.

Katika miaka ya 2010, watafiti wa vyuo vikuu vya Dodoma, Aga Khan, St John's na Bristol walijaribu njia nyingine: kukirekebisha kitabu cha kiada chenyewe. Waliandaa sura za vitabu vya kidato cha kwanza zenye sentensi fupi, michoro mingi, orodha ya maneno muhimu pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, na mazoezi yanayomruhusu mwanafunzi kujadili kwanza kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza.

Ujumbe wa kazi hiyo ulikuwa wazi. Kiswahili anachokijua mtoto si kizuizi cha Kiingereza, bali ni daraja lake. Wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekwenda mbali zaidi, wakieleza kwa miaka mingi kwamba kukitumia Kiingereza kufundishia masomo mengine hakukifundishi Kiingereza chenyewe, na kwamba lugha hiyo ingefundishwa vyema zaidi kama somo lenye walimu na vitabu vya kutosha.

Kamusi mbili, kazi mbili

Mwanafunzi wa Kiingereza anahitaji kamusi, lakini si kila kamusi hufanya kazi moja.

Kamusi ya lugha mbili humpa tafsiri ya haraka. Waswahili wana urithi mrefu wa kamusi hizo. A. C. Madan alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894. Mwaka 1939 zikatoka kamusi zilizohaririwa na Frederick Johnson. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1996, na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 2001.

Kamusi hizo ni msaada mkubwa, lakini tafsiri ya neno moja inaweza kupotosha. Chukua neno "volume". Kwenye redio ni kiwango cha sauti. Katika kemia ni ujazo. Maktabani ni juzuu. Neno "table" ni meza ya kulia chakula, na katika kitabu cha hisabati ni jedwali. Neno "power" ni mamlaka kwa mwanasiasa, ni umeme kwa mwenye nyumba, na ni kipeo kwa mwalimu wa hesabu. Mwanafunzi anayechukua maana ya kwanza anayoiona atashangaa kwa nini mwalimu wa kemia anazungumzia sauti.

Kamusi ya mwanafunzi, ile ya mfano wa Hornby, hufanya kazi ya pili. Huonyesha neno linavyotumika ndani ya sentensi, na huambatana na maneno gani. Kwa Mswahili jambo hili ni la lazima. Kitenzi "piga" kwa Kiswahili hupiga picha, simu, pasi na kura. Kiingereza hutumia kitenzi tofauti kwa kila tendo, na hakuna hata moja kati ya hayo linalohusiana na kipigo. Tafsiri ya neno kwa neno itamfanya mtu aseme kwamba ameicharaza simu.

Vivyo hivyo, Kiswahili husema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke, ilhali Kiingereza hutenganisha "he" na "she". Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Mswahili hujua kwamba hapo ndipo atakapojikwaa, na huweka mazoezi hapo. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto wa London hakitagusa mambo hayo, kwa sababu mtoto wa London hana tatizo hilo.

Kwa mwenye fedha kidogo, kamusi ya zamani si hasara. Maneno 2,000 ya msingi hayajabadilika sana. Kamusi iliyotumika, kurasa zake zikiwa kamili, ni bora kuliko nakala bandia mpya yenye makosa ya chapa.

Vitabu vya ngazi na vya kiada

Tangu katikati ya miaka ya 2010, vitabu vya kiada vya shule huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Vitabu hivyo hufuata muhtasari wa somo, na mwanafunzi hana budi kuvisoma. Taasisi hiyo pia ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada.

Kitabu cha kiada hakikosi kasoro. Mwaka 2017, makosa katika vitabu vya kiada vya madarasa ya chini, kikiwamo cha Kiingereza, yalizusha mjadala mkali bungeni. Kwa hiyo si utovu wa adabu mzazi au mwalimu kulinganisha anachokiona kitabuni na kamusi nzuri.

Hata kikiwa hakina kosa, kitabu cha kiada peke yake hakitoshi. Kina kurasa chache za kusoma, nazo husomwa kwa wiki nyingi. Lugha hujengeka kwa wingi wa maneno yanayopita machoni tena na tena. Kazi hiyo hufanywa na vitabu vya ziada, hususan vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi.

Mfano mmoja unaojulikana duniani ni mfululizo wa Oxford Bookworms. Ngazi yake ya kwanza hutumia maneno ya msingi 400, ya pili 700, ya tatu 1,000, na ya sita 2,500. Mfululizo wa Junior African Writers Series ulifuata utaratibu wa ngazi kwa kutumia hadithi za Kiafrika. Jambo la kuangalia ni namba ya ngazi iliyo kwenye jalada, wala si umri wa msomaji. Kijana wa miaka 15 anayeanzia ngazi ya kwanza hana sababu ya kuona haya.

Simu, redio na mtandao

Redio imewafundisha Kiingereza wageni kwa miongo mingi. BBC ilianza vipindi vya kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943. Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza chepesi yaliyotumia maneno ya msingi kama 1,500 na kusomwa polepole. Kanuni ilikuwa ile ile ya West: maneno machache, yanayojirudia, katika habari yenye maana.

Leo simu ya mkononi hubeba redio, kamusi na maktaba kwa pamoja. African Storybook, mpango ulioanzishwa mwaka 2014 Afrika Kusini, hutoa hadithi za watoto bila malipo katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na nyingi zinapatikana pia kwa Kiingereza. Mtoto anaweza kuisoma hadithi kwanza kwa Kiswahili, akaielewa vizuri, kisha akaisoma kwa Kiingereza akiwa tayari anajua kinachotokea.

Gharama ya intaneti ni kikwazo cha kweli kwa familia nyingi. Lakini hadithi ikishapakuliwa mara moja inaweza kurushwa kutoka simu hadi simu, au kuchapishwa kwenye karatasi na kusomwa na darasa zima.

Tahadhari inahitajika kwa programu za tafsiri. Huleta jibu haraka, na kwa mfanyabiashara mwenye haraka hilo linatosha. Kwa mwanafunzi, jibu lililokuja bila jitihada huondoka vile vile. Programu hiyo itumike baada ya mtu kujaribu mwenyewe.

Watu wazima na waliosoma kwa Kifaransa

Si watoto pekee wanaohitaji vitabu. Kijana anayetaka kuwaongoza watalii katika Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti wa sokwe mwaka 1960, anahitaji Kiingereza cha kusikia na kusema. Kwake kitabu cha mazungumzo chenye sauti kina faida kubwa kuliko cha sarufi, mradi arudie kwa sauti anachokisikia.

Mkoa wa Kigoma pia umepokea wakimbizi wengi kutoka Burundi na Kongo, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ipo tangu mwaka 1996. Waliosoma kwa Kifaransa wana mwanzo mzuri, kwa kuwa lugha hizo mbili zina maneno mengi yanayofanana. Lakini kufanana huko kuna mitego. Neno "librairie" kwa Kifaransa ni duka la vitabu, ilhali "library" kwa Kiingereza ni maktaba. "Coin" kwa Mfaransa ni kona, kwa Mwingereza ni sarafu. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya Mswahili hakitamwonya kuhusu hayo, na hivyo humfaa zaidi kitabu kinachoanzia kwenye Kifaransa.

Siku 100 kabla ya Januari

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Kati yake kuna zaidi ya siku 100 ambazo watoto wengi huzitumia kusubiri. Wenye uwezo huwapeleka watoto wao tuisheni, ambako mara nyingi hutangulizwa mada za kidato cha kwanza kwa lugha ile ile wasiyoielewa.

Hesabu nyingine inawezekana. Kitabu chepesi cha ngazi ya kwanza huwa na maneno kama 5,000. Mtoto anayesoma maneno 1,000 kwa siku, kazi ya dakika 20 hata kwa msomaji wa polepole, humaliza kitabu kwa siku tano. Kwa siku 100 atakuwa amesoma vitabu 20, sawa na maneno 100,000 ya Kiingereza anachokielewa.

Hakuna familia inayolazimika kununua vitabu vyote 20. Familia 10 za mtaa mmoja zikinunua vitabu viwili viwili na kuazimana, kila mtoto atavisoma vyote. Shule, msikiti, kanisa au ofisi ya kata inaweza kuvitunza katika kabati moja lenye daftari la kuandikisha waazimaji.

Mtoto huyo hatakuwa bingwa wa Kiingereza ifikapo Januari. Baiolojia bado itakuwa na maneno mapya, na mwalimu bado atahitajika. Lakini atakapofungua ukurasa wa kwanza wa kitabu chake kipya, maneno madogo yanayoshikilia sentensi atakuwa ameshayazoea, na atakachobakiwa nacho ni kujifunza baiolojia.